Kutembeza Kundi Juu ya Lava ya Goma: Anzia Juu, Shuka Hadi Ziwani

Kila mgeni anayefika Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, huinua macho kuitafuta Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji. Mimi humwambia ainame kwanza. Mlima una mita 3,470 na utaonekana siku mawingu yakipenda, lakini lava, jiwe lililotoka humo limeyeyuka kisha likaganda, iko chini ya viatu vyake tangu aliposhuka kwenye gari.

Nilifundisha jiografia miaka mingi, na tangu nilipoweka chaki chini natembeza makundi: madarasa, wanakwaya waliokuja kwa boti kutoka Bukavu, vijana wa parokia, mara chache watafiti. Wadogo zangu wawili wanaotaka kuingia kazi hii wameniomba niwaandikie ninavyoifanya. Jambo ninalotaka mlishike kabla ya mengine yote ni hili: hapa kwetu hakuna jiwe lisilo na mwenyewe. Lava ya 2002 ililala juu ya palaseli, yaani viwanja, za watu, na watu wakarudi, wakapima mipaka yao upya juu ya jiwe, wakajenga palepale. Ukipitisha kundi umelipitisha nyumbani kwa mtu, hata kama macho yanaona mawe meusi tu.

Njia

Tembea kama lava ilivyotembea. Tarehe 17 Januari 2002 mlima haukumwaga kutoka kileleni. Ulipasuka ubavuni, upande wa kusini, na nyufa zikashuka mpaka karibu na Munigi, jirani kabisa na mji. Lava ikateremka, ikafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikaingia Ziwa Kivu. Basi na wewe anzia Munigi, ambako watu wanauona mji wote ukiteremka hadi majini, kisha shuka kupitia mitaa ya Majengo na Birere hadi mjini, na umalizie ufukweni. Nimeona viongozi wanaanzia ziwani kwa sababu kuna kivuli na mahali pa kukaa. Kundi linapanda likihema, na habari inasimuliwa kutoka mkiani.

Bila kusimama, ni kama saa moja na nusu. Kwa vituo vyangu sita, ni asubuhi nzima.

Kabla ya kuchukua kundi la kwanza, pita njia hiyo mara tatu. Mara ya kwanza asubuhi ya Jumamosi, ujue chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizojaa viazi na makaa zinashuka wapi kwa kasi, maana mtu wa chukudu hana breki za kukuonea huruma; mguu wake ndio breki. Mara ya pili baada ya mvua, uone mahali panapoteleza. Mara ya tatu nenda na mzee aliyekuwa akikaa mtaa huo kabla ya 2002, na siku hiyo usiwe na haraka. Mimi nilitembea na baba mmoja aliyekuwa fundi cherehani. Alikuwa anasimama kila hatua ishirini: hapa palikuwa na bomba la maji, hapa avenyu ilikata kushoto, hapa palikuwa na mwembe ambao watoto waliupiga mawe. Kwa macho yangu mahali pote palikuwa sawa. Nilichora ramani yake kwenye daftari la mistari, na mpaka leo ndiyo ninayotumia.

Halafu ruhusa. Nenda kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, siku moja kabla, jipeleke mwenyewe, usitume kijana kwa simu. Mwambie watu wangapi, saa ngapi, wanatoka wapi. Uliza hali ya usalama jioni, uliza tena asubuhi. Kukiwa na milio ya risasi usiku, hakuna matembezi, hata kama kundi limelipa na limefunga safari. Warudishie pesa au wape siku nyingine. Kuhusu picha, sema neno hili kabla ya hatua ya kwanza: hakuna kupiga uwanja wa ndege, askari wala kituo chao, na hakuna kupiga mtu usoni bila kumwomba. Nalisema polepole, mara mbili, na wanafunzi nawaambia wanirudishie.

Kundi

Watu kumi na wawili. Kumi na watano nikibembelezwa na padri. Mwaka mmoja nilikubali darasa la watoto zaidi ya arobaini kwa sababu shule ilikuwa imeshalipia basi, na nilijuta. Wa nyuma hawakusikia neno, wakaanza kurushiana mawe, na mvulana mmoja akaanguka kwa magoti. Lava hukata kama chupa iliyovunjika. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwa tukamkimbiza kwenye kituo cha afya, na magoti yake yalibaki na alama. Tangu siku ile natembea na bandeji, dawa ya kusafisha kidonda, maji ya kunywa na mtu mzima wa kubaki mkiani. Kambambili sizikubali. Anayekuja na kambambili anaazima viatu kwa jirani au anabaki.

Simama wewe ukiangalia jua ili wao wasiangalie. Jambo dogo, ila mtu anayekunja macho hasikii. Na usiongee mkitembea. Barabara ya Goma ina pikipiki nyingi kuliko maneno yako. Tembeeni, simameni, wasubiri wa mwisho wafike, ndipo ufungue mdomo. Dakika saba zinatosha kila kituo.

Kituo cha jiwe

Hapa ndipo ninapokaa zaidi, na nawaomba msiparuke. Naokota kipande cha lava cha ukubwa wa embe na kukipitisha mkono kwa mkono bila kusema kitu. Wanashangaa wepesi wake. Kisha naanza kuuliza: unaona nini? Watoto huona haraka kuliko wakubwa. Upande mmoja una mikunjo kama kamba zilizolazwa, au kama ngozi juu ya uji uliopoa. Pale lava ilikuwa laini, ikajikunja juu huku chini ikiendelea kwenda. Upande uliovunjika umejaa vitundu, vingine vidogo kama tundu la sindano, vingine vinaingia punje ya mahindi. Kila kitundu ni hewa iliyokuwa inatoka mlimani ikakamatwa jiwe lilipoganda. Ukikigeuza juani, ndani ya vitundu kuna mng'ao wa kibuluu au wa kahawia. Waache wauone wenyewe.

Sasa namimina maji kidogo juu ya jiwe. Yanazama. Natazama nyuso zao, kisha nauliza: mvua ya Goma inakwenda wapi? Mnajua inavyonyesha hapa, na bado mjini hakuna mto hata mmoja. Maji yanaingia kwenye nyufa na matundu, yanasafiri chini ya miguu yetu, na mengine yanatokea tena kama chemchemi ziwani, hata chini ya maji yenyewe. Ndiyo maana mama wa Goma anabeba bidoni, dumu la maji. Anakaa kwenye mvua nyingi na ziwa kubwa, lakini maji ya kunywa lazima yapandishwe kwa pampu au kwa mgongo.

Wageni waliotoka sehemu za mawe ya chokaa hulielewa hili upesi kuliko wengine. Kongo Central, upande wa Mbanza-Ngungu, kuna nchi ya chokaa, na mvua huko imekula jiwe polepole hata ikachimba mapango ambamo wanaishi samaki wasio na macho. Kwetu maji hayakula kitu. Jiwe lilizaliwa likiwa na matundu. Lakini mtu wa Mbanza-Ngungu na mtu wa Goma wanaweza kukaa pamoja wakaongea habari za maji yanayopotea ardhini, wakaelewana. Nikipata kundi lenye mtu wa kule, namwachia dakika tatu aeleze mapango yao. Kundi linachangamka.

Baada ya hapo ndipo naeleza kwa nini lava yetu inakimbia. Ina kidogo sana madini ya silika, yale yanayoifanya lava iwe nzito, kwa hiyo si nzito kama ya milima mingine. Inatiririka karibu kama mafuta ya kula. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kreta, shimo la kileleni, lilijimwaga lote kwa muda usiofika saa moja, na kwenye miteremko ya juu lava ilishuka kwa mwendo wa gari. Watu wa vijiji vya mlimani hawakupata nafasi. Kwenye miteremko hiyo bado kuna mabomba ya mawe yaliyosimama wima, tupu ndani: lava ilizunguka mti, ikaganda, mti ukaungua, ukabaki mfano wake.

Mwaka 2002 lava ilipofika mjini ilikuwa imepunguza mwendo, na wengi waliweza kukimbia kwa miguu. Msiwaambie watu kwamba hapakuwa na vifo. Vilikuwapo, pamoja na vya wale waliokufa siku chache baadaye kituo cha mafuta kilipolipuka. Lakini waelezeni kwa nini vilikuwa vichache kwa mji uliobaki na watu wapatao 120,000 bila makazi.

Neno la mama wa Birere

Nawasimulia hili kwa sababu limebadilisha kazi yangu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na kituo nilichokipenda: ukuta wa zamani uliozama, unaona kizingiti cha juu cha dirisha tu kimetokeza kwenye lava, kama mtu aliyefikia maji ya kidevu. Nilikuwa nawasimamisha pale wanafunzi, naweka fimbo yangu ya mita mbili kando ya ukuta, nasema: sakafu iko huko chini. Siku moja mama mmoja akatoka kwenye nyumba ya mbao iliyo nyuma yake, akanisalimia vizuri, akanivuta kando.

“Madamu,” akasema, “unajua bale batoto banasimama wapi? Pale njo kulikuwaka chumba ya mama.”

Mama yake alibebwa mgongoni usiku ule hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, akafia huko kabla hawajarudi. Kwa binti, jiwe lile ni kitanda. Nami nilikuwa nimesimamisha watoto juu yake mwaka mzima, nikidhani ni mahali pa bure.

Nilimwomba msamaha, nikarudi jioni peke yangu. Tulikaa. Hakukataa kundi lisipite. Alitaka aulizwe, na alitaka kujua ninasema nini. Sasa yeye mwenyewe huongea akipenda. Siku asipopenda, tunapita bila kusimama, na sielezi kwa nini. Analipwa kabla ya kundi kufika, katika bahasha, mbele ya mtoto wake mkubwa, ili isionekane kwamba analipwa kwa machozi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mtu aliyekimbia lava hasukumwi kusimulia. Mwulize siku nyingine, bila kundi. Mwambie maswali yatakayoulizwa, mwache ayakate asiyotaka. Mimi nimejifunza kuuliza vitu vya mkononi: ulibeba nini? Ulifunga mlango? Nani alishika ufunguo? Mama huyu alibeba cherehani ya mumewe na kusahau vyeti vya shule vya watoto, na akisimulia habari za ile cherehani kichwani, watoto wa shule wananyamaza kuliko wanaposikia hesabu yoyote yangu. Akianza kulia, simama kati yake na simu za watu.

Vituo vingine

Nyumba za mbao nazieleza nikiwa nimesimama mbele ya moja. Kuchimba msingi kwenye lava ni kazi ya nyundo na patasi kwa wiki kadhaa, na choo ni shida zaidi. Mbao inakaa juu ya jiwe, na ikibidi inafunguliwa ikapakiwa. Mawe yanayotolewa hujenga kuta za palaseli, na kokoto zinapondwa na akina mama kando ya barabara, mmoja mmoja, kwa nyundo. Mkisimama kwao mnapoteza muda wao wa kazi. Lipeni muda huo.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo lava ya 2002 iliangamiza, nalipa dakika chache na ukimya. Wakristo wa kundi huomba wakitaka. Sihubiri.

Mkiwa na nguvu na hali ikiruhusu, siku ya pili nendeni Buhene, kaskazini mwa mji. Pale lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama, baada ya kukata barabara ya Butembo na kufika karibu na uwanja wa ndege. Jiwe bado ni kali, halijapigwa na miguu kama la mjini, na wengi waliopoteza nyumba wako karibu sana na njia. Mambo ya ruhusa niliyosema juu, zidisheni mara mbili huko. Mimi siku ile ya Mei niliona mbingu imekuwa nyekundu saa moja jioni, nikatoka na wajukuu. Tarehe 27, mitaa kumi ya mji ilipoamriwa kuhama, tulitembea hadi Sake. Nikiwa na kundi la watu wazima nasema hayo. Nikiwa na watoto wadogo nasema tu kwamba tulitembea mbali na tukarudi.

Mazuku

Hapa sitaki mtu asome haraka. Neno hili ni letu, na wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wameliazima kutoka kwetu. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala mabondeni na kwenye mashimo kama maji. Haionekani. Iko hasa upande wa magharibi wa mji, kandokando ya ziwa: Himbi, Kyeshero, Bulengo, kuelekea Lac Vert. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajaa. Jua likipanda na upepo ukianza, inapungua, lakini shimo linaweza kubaki limejaa mchana.

Mbuzi na mtoto huanguka kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie kitu, na akiinama kufunga kamba ya kiatu akaanguka. Kwa hiyo kundi lenu halishuki kwenye shimo lolote upande huo, halikai chini, halilali kwenye nyasi, na halianzi kabla ya saa tatu asubuhi. Mkiona ndege au panya waliokufa mahali pamoja, rudini mlikotoka, mkipanda. Msijaribu kwa mshumaa ili kuwaonyesha wageni. Na kama mtu ameanguka shimoni, usimfuate kwa kukimbia; huko ndiko waokoaji wamekufa mmoja baada ya mwingine. Itisheni msaada, mtafute kamba, mumvute kutoka juu. Mimi nikiwa na watoto sipeleki kundi upande huo kabisa. Nawaonyesha ziwa kutoka mjini na kueleza kwa mdomo.

Ziwani

Mwisho wa njia watu wamechoka na wamekuwa wapole. Kaeni. Samaki wadogo wa ziwani tunaowaita sambaza, waliokaangwa, wapite. Sasa maswali huja, na mawili hayakosekani.

La kwanza: “Ziwa litalipuka?” Ziwa Kivu limebeba gesi nyingi chini sana: kaboni dioksidi na methani, zimeshikwa na uzito wa maji. Mwaka 1986, kule Kameruni, Ziwa Nyos lilitoa gesi yake likaua watu zaidi ya 1,700, na ndiyo sababu mwaka 2002 lava ilipoingia Kivu wengi walishika pumzi. Haikufika kwenye tabaka la gesi. Semeni hivyo, mseme pia kwamba gesi bado ipo na kwamba methani hiyo upande wa Rwanda inatolewa na kuzalisha umeme. Msiongeze chumvi. Tulipohama 2021 uvumi wa ziwa ulitupita barabarani kuliko magari, na nimeona wazee wanaacha dawa zao nyumbani kwa sababu yake.

La pili: “Mlima utatoka lini tena?” Usimpe mtu tarehe, hata kwa kubahatisha. Mwambie kuna wataalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma wanaousikiliza mlima, na mfundishe rangi za tahadhari: kijani, manjano, machungwa, nyekundu. Kisha muulize yeye: ukiambiwa uondoke usiku huu, utashika nini? Kila mmoja ajibu. Msichana mmoja wa Bukavu alinijibu kwamba angeshika nambari ya simu ya shangazi yake, iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huzimika. Jibu hilo sasa nalipeleka kwa kila kundi.

Kabla ya kuachana, hesabu watu. Kisha waombe vipande vya lava walivyotia mifukoni. Wengi wanavyo. Waambie jiwe lililotoka kwenye ukuta au kwenye palaseli linarudi kwa mwenyewe. Anayetaka la kubeba nyumbani anunue kwa mama anayeponda kokoto, atachaguliwa zuri. Waingie kwenye magari kabla ya saa kumi.

Kesho yake rudi njiani bila kundi. Msalimie shefu, nirudishie daftari la ramani kama umeliazima, mpelekee mama wa Birere mawe yake. Mimi huyaweka kando ya ukuta wake, upande ule wa dirisha, na yeye huyapanga.